Gari la Safari Ndefu

Taa iliwaka Jumanne asubuhi karibu na Shekilango, nikimpeleka Baba kwenye mazoezi ya viungo. Taa ndogo ya njano, yenye mchoro wa kisanduku kilichojaa nukta. Baba aliiona kabla yangu. Tangu apate kiharusi maneno humtoka taratibu, yakisubiriana, lakini macho yake juu ya dashibodi hayajapungua hata kidogo. Aliinyooshea kidole cha mkono wa kushoto, ule unaofanya kazi, akasema, "Linataka safari."

Nilidhani anajisemea yeye.

Gari lilikuwa lake. Alilinunua likiwa limetumika, likaja kwa meli kutoka Japani, na alilichagua kwa sababu moja tu: ni la dizeli. Wakati huo alikuwa akisimamia ujenzi wa madarasa mikoani, leo Iringa, keshokutwa Njombe, na gari lilikuwa linamaliza kilomita zipatazo 500 za Dar hadi Iringa kwa tangi moja na salio likabaki. Alikuwa na msemo wake kwamba petroli ni ya watu wanaokwenda sokoni. Kisha mwaka juzi kiharusi kikaja, na dunia yake yote ikaingia ndani ya kilomita nne, kutoka kwetu Sinza hadi kliniki, mara tatu kwa wiki. Mama anafundisha, kaka yuko Mwanza, mimi ndiye mwanafunzi wa umahiri ambaye kila mtu anaamini ana muda. Nikawa dereva.

Najua swali linalokuja. Kilomita nne, gari la nini? Tulijaribu bajaji, kila tuta lilimpiga Baba kwenye bega lililolegea, akawa anarudi nyumbani na maumivu kuliko aliyokwenda nayo. Daladala hata tusiizungumzie.

Jambo ambalo sikulijua ni kwamba injini ya dizeli haina haraka ya kupata moto. Inatumia mafuta yake vizuri, kwa hiyo joto linalopotea ni dogo, na ni hilo joto linalopotea ndilo linalopasha maji na oili. Petroli ni mbadhirifu zaidi, ndiyo maana inawahi kupata moto. Dizeli za miaka ya karibuni, juu ya hayo, zina chujio ndani ya njia ya moshi: kipande cha kauri chenye vijitundu vingi kama sega la nyuki, kazi yake kunasa masizi. Chujio likianza kujaa, gari linajitibu lenyewe. Linamwaga mafuta ya ziada, joto la chujio linapanda hadi kama nyuzi 600, masizi yanaungua na kubaki majivu kidogo. Ila tiba hiyo inataka mwendo, dakika kumi na tano au ishirini za barabara inayofunguka, injini ikiwa imeshapata moto. Sisi tulikuwa na dakika ishirini za kusimama na kuondoka, kusimama na kuondoka, halafu tunazima. Gari linaanza kujitibu, tunazima. Kesho linaanza tena, tunazima.

Fundi alivuta kijiti cha oili, akanusa, akanipa nami ninuse. Oili ilikuwa imeongezeka. Nilifurahi, kwa ujinga wangu, maana nilikuwa nimesikia kwamba gari bovu ni lile linalokula oili.

"Hii ni dizeli, dada," akasema. "Yale mafuta ya kuunguzia masizi, safari ikikatika kabla hayajamaliza kazi, mengine yanateremka huku chini. Ukiendelea hivi utaua injini."

Akanipa njia tatu. Chujio jipya, ambalo bei yake ilinifanya nicheke. Chujio lililotumika, ambalo huwezi kujua limebeba masizi ya nani. Au kutoboa. "Tunalishusha, tunalikata, tunatoa lile sega lote, tunachomelea upya. Kwa nje huwezi kujua. Halafu kuna kijana anakuja na kompyuta, analidanganya gari liamini chujio lipo." Bei ya kutoboa haikufika hata moja ya kumi ya chujio jipya. Na gari, akasema, litakuwa jepesi, litavuta kuliko mwanzo.

Ile lugha ya kulidanganya gari ilinikaa kichwani. Septemba 2015 Mamlaka ya Mazingira ya Marekani ilitangaza kwamba Volkswagen ilikuwa imeweka kwenye magari yake ya dizeli programu iliyotambua gari linapopimwa, ikapunguza uchafu wakati wa kipimo tu, na lilipotoka barabarani likaendelea kutoa uchafu wake. Kampuni ilikuja kukiri kwamba magari yenye programu hiyo yalikuwa kama milioni 11 duniani. Wahandisi wenye shahada kubwa, maabara, mamilioni ya magari. Fundi wangu chini ya mwembe alikuwa akinipa huduma ya aina hiyohiyo, tofauti ni kwamba yeye alinieleza mbele ya uso wangu.

Nikaomba siku mbili za kufikiri. Jioni nikamweleza Baba. Nilitarajia aulize bei. Alikaa kimya muda mrefu, nikafikiri amesinzia, kisha akauliza, "Na moshi... utakwenda wapi?"

Wote tuliokulia katika nyumba ile tunalijua swali hilo. Kwenye ujenzi hakuwa anauliza kwanza kuhusu nondo wala saruji. Alikuwa anasimama mahali ukuta utakapokuwa na kuuliza: maji yatakwenda wapi? Mvua ikinyesha juu ya bati hili, maji yatamwangukia nani? Alishawahi kuvunja msingi uliokwisha kumwagwa kwa sababu jibu lilikuwa uwanja wa bibi mmoja jirani wa shule.

Sikumtoboa, nikimaanisha gari. Badala yake nikaanza kufanya jambo ambalo mpaka leo sijui nilitaje. Kila Jumapili alfajiri nilimpakia Baba tukaenda Chalinze na kurudi. Kilomita kama mia kwenda, na mia nyingine kurudi. Hatukuwa na shughuli Chalinze. Tulikuwa tunakwenda kuliunguzia gari masizi yake. Baada ya Kibaha barabara ikifunguka, nilikuwa nasikia mlio wa injini unabadilika, unakuwa mzito kidogo, na Baba anatikisa kichwa kwa kuridhika: limeanza. Chalinze tunanunua machungwa, tunageuza. Lita za dizeli zinateketea ili gari liwe safi kwa ajili ya kilomita nne za Jumatatu.

Wiki hizohizo, kwa bahati tu, tulikuwa tunasoma darasani makala ya Walter Sinnott-Armstrong ya mwaka 2005 kuhusu ongezeko la joto duniani na wajibu wa mtu mmoja. Mfano wake mkuu ni mtu anayetoka Jumapili mchana kuendesha gari kubwa linalokunywa mafuta, kwa raha zake tu. Je, amekosa? Yeye anazipitia kanuni za maadili moja baada ya nyingine na kusema haoni hata moja inayotosha kumtia hatiani, kwa kuwa safari yake peke yake haileti mafuriko popote. Wajibu ni wa serikali. Darasa liligawanyika. Mimi nilikaa kimya, nikiona aibu ya ajabu, maana nilikuwa ndiye mtu wa Jumapili mwenyewe, tena mimi nilikuwa naendesha kwa ajili ya dhamiri.

Aliyenisumbua zaidi ni Derek Parfit. Katika kitabu chake cha 1984, Reasons and Persons, anawaza watesaji elfu moja na wateswa elfu moja. Kila mtesaji anabonyeza kitufe kinachowaongezea wote maumivu kidogo mno, kiasi ambacho hakuna hata mmoja anayeweza kukihisi. Wote wakibonyeza, wale watu wanapiga kelele kwa uchungu. Nani amewaumiza? Hakuna aliyefanya kitu kinachohisika. Nilipokuwa nasoma nilikuwa naiona foleni ya Shekilango saa moja na nusu asubuhi.

Lakini nadhani kuna tofauti kati ya joto la dunia na masizi, na ni tofauti ambayo mijadala mingi inaipita haraka. Hewa ukaa ninayotoa Sinza inachanganyika na ya dunia nzima. Mtu anaweza kujificha ndani ya wingi huo. Masizi yana anwani. Yanatoka kwenye bomba langu yakiwa usawa wa magoti, na hapo usawa wa magoti kuna mama anayeuza mihogo ya kukaanga karibu na kituo, amekaa kwenye kigoda tangu saa kumi na moja alfajiri. Nyuma yangu kuna kijana wa bodaboda ambaye pua yake iko mita mbili kutoka kwenye moshi wangu. Mimi nimefunga vioo, nimewasha kiyoyozi. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani, kundi moja na moshi wa sigara. Mtu akinipulizia sigara usoni kwenye foleni nitamwambia. Yule mama hana wa kumwambia, na katika miaka yote niliyoendesha sijawahi kusimamishwa na mtu aliyeshika kifaa cha kupima moshi.

Japani waliwahi kulisema jambo hili kwa namna ambayo siwezi kuisahau. Mwaka 1999 gavana wa Tokyo, Ishihara Shintaro, alisimama mbele ya waandishi wa habari na chupa ya plastiki yenye masizi ya dizeli ndani yake. Kufikia Oktoba 2003 magari makubwa ya dizeli yasiyokuwa na vichujio vinavyokubalika yalikuwa hayaruhusiwi kuingia Tokyo. Kile kipande cha kauri chini ya gari la Baba ni mtoto wa ugomvi ule. Watu walipigania, walitunga sheria, wahandisi wakatengeneza, likafungwa kwenye gari, gari likavuka bahari, na huku tukalikata kwa msumeno kwa bei ya viatu.

Baada ya Jumapili ya saba nilikubali hesabu. Gari la petroli, dogo, ndilo linalotufaa. Kwa haki ya dizeli niseme kwamba si kila kitu ni faida: lita kwa lita dizeli ina nguvu zaidi, na ndiyo sababu serikali za Ulaya ziliwahi kuwashawishi watu wainunue kwa jina la hali ya hewa. Uingereza, kwa mfano, tangu 2001 ilipanga kodi ya magari kwa kuangalia hewa ukaa, watu wakahamia dizeli, na miaka baadaye wakaanza kuulizana ni nini kile wanachokivuta mijini. Na petroli nayo huchafua, hasa dakika za kwanza kabla sega lake halijapata moto. Lakini kwa kilomita nne, na bila safari za Chalinze, jibu halikuhitaji mwanafalsafa.

Aliyehitajika ni mtu wa kumwambia Baba. Kuuza gari lile kulikuwa ni kumwambia kwamba hatakwenda tena Njombe. Nilizunguka siku tatu nikitafuta namna. Mwisho yeye ndiye aliyesema, tukiwa kwenye foleni, taa ikiwa imewaka tena. "Liuze." Kisha, baada ya magari kama kumi kupita: "Ila... liende kwa mtu wa safari."

Madalali hawana habari na watu wa safari. Mteja wa kwanza aliyeletwa alikuwa bwana mmoja wa Mbezi Beach, mstaarabu, aliyetaka gari la mke wake la kupelekea watoto shule. Kilomita tatu. Nilimweleza kila kitu, chujio, oili, Chalinze, dalali akinikanyaga mguu. Alinisikiliza hadi mwisho, akanishukuru kwa ukweli wangu, akapunguza bei hadi milioni 24, akasema, "Usihofu dada. Nitalitoboa. Si wote wanatoboa?"

Cicero, katika kitabu chake kuhusu wajibu, ana mfano wa mtu anayeuza nyumba yenye kasoro anazozijua yeye peke yake. Diogenes wa Babeli anasema muuzaji ataje kile ambacho sheria inamtaka ataje. Antipater, mwanafunzi wake, anasema lazima aseme yote. Cicero anakuwa upande wa Antipater, na mimi pia nilikuwa upande wake siku zote, ni rahisi. Ila wote watatu wanawatazama watu wawili tu, muuzaji na mnunuzi. Mimi nilisema yote, na ukweli wangu ulikuwa ndio uliompa yule bwana sababu ya kukata chujio. Ningenyamaza, huenda angeendesha mwaka mzima mpaka taa imlazimishe. Mnunuzi nilimtendea haki. Mama wa mihogo hakuwapo kwenye mazungumzo.

Mteja wa pili alikuwa mtu wa safari hasa. Mfanyabiashara wa nafaka, kila wiki Makambako na kurudi. Alilizunguka gari kama mtu anayechumbia. Alikuwa na milioni 21 na nusu, kwa mafungu mawili, la pili baada ya mavuno.

Tofauti ya milioni mbili na nusu ni miezi mingi ya mazoezi ya Baba. Na fungu la baada ya mavuno ni ahadi ya mvua. Kliniki hawapokei mvua. Nilimpigia Mama, akasema, "Amua mwanangu, mimi nitakubaliana na wewe," maneno ambayo mtu akiambiwa huwa anajua ameachwa peke yake.

Niliuza kwa bwana wa Mbezi.

Kadi ilikuwa kwa jina la Baba, kwa hiyo wakili alikuja nyumbani. Mkono wa kulia haushiki kalamu. Akaleta kidau cha wino, nikamshika Baba dole gumba la kushoto, nikalikandamiza kwenye karatasi, na wakati bado nimelishika akaniangalia akauliza, "Ni mtu wa safari?"

"Ndiyo, Baba," nikasema. "Anakwenda Makambako."

Nilikuwa nimemwambia ukweli mtu baki ambaye hakuuhitaji, nikamdanganya baba yangu aliyeuliza jambo moja tu. Nimejaribu kujitetea kwa njia zote ninazofundishwa. Kwamba uongo ule ulimpa amani. Kwamba pesa ni kwa ajili yake. Kwamba mtu wa Makambako yupo kweli, nimebadilisha mteja tu. Kwenye karatasi ya semina nilipewa alama nzuri kwa kutetea hoja dhaifu kuliko hizi. Usiku hazikai.

Tulinunua kigari cha petroli cha milioni 13, injini ndogo, kinapata moto kabla hatujafika barabara ya lami. Baba anasema hakina sauti. Anaketi pembeni yangu magoti yakigusa dashibodi, na siku za Ijumaa, ambazo mtu wa Makambako angekuwa njiani, anaanza: saa hizi atakuwa Chalinze. Tukifika kliniki, Morogoro. Wakati wa kurudi, Mikumi, apunguze mwendo, kuna wanyama. Maneno ya majina ya miji yanamtoka vizuri kuliko maneno mengine yote. Mtaalamu wake wa mazoezi amesema nimhimize. Kwa hiyo namhimiza. Nauliza, na baada ya Mikumi? Ruaha Mbuyuni, anasema. Halafu ule mlima wa Kitonga.

Mwezi uliopita, jioni, tulisimama kwenye taa za Bamaga. Mbele yetu, gari moja katikati, lilikuwa lile. Nililijua kwa mkwaruzo wa bampa, nilioutia mwenyewe siku zangu za kwanza. Ndani kulikuwa na vichwa vya watoto na mabegi ya shule. Taa ziliporuhusu, dereva alikanyaga mafuta, na wingu jeusi likatoka, likatandaa chini chini juu ya lami mpaka kwenye meza ya mtu anayeuza vocha.

Nilitazama mbele. Baba alinyoosha mkono wa kushoto, polepole, akabonyeza kitufe cha kioo mpaka kikafunga.

"Amerudi mapema," akasema.

"Ndiyo, Baba."

Nyuma yetu walikuwa wameshaanza kupiga honi.